Profu wa Kemia na Mlio Usiokoma

Ukitaka kuzungumza na Profu wa kemia, ulikaa upande wake wa kushoto. Mtaa wetu wote wa Kasongo ulijua hivyo. Imamu alijua, mapadri wa misioni walijua, na hata mama muuza mihogo, aliyepita kila asubuhi na beseni kichwani, alikizunguka kwanza kiti chake ndipo akasalimu. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. La kushoto lilibakiwa na kidogo, na hicho kidogo alikitumia kwa uangalifu, kama mtu anayekwangua sukari ya mwisho kwenye kopo. Ukimletea umbea, aligeuza kichwa na kukupa lile sikio bovu huku akitabasamu kwa adabu. Ukimletea habari ya mtoto aliyefaulu mtihani, alikuinamia na kulileta lile zima karibu na mdomo wako.

Nilimjua kwanza kama jirani, kisha kama mwalimu wangu wa sekondari, na mwishowe, nilipokuwa nimesomea uuguzi, kama mgonjwa aliyekataa kuitwa mgonjwa.

Darasani alifundisha kemia bila maabara. Shule ilikuwa na chupa chache zenye vumbi, na moja kati yake hakuna aliyejua kilichokuwamo, kwa hiyo haikuguswa. Yeye alikuja na kikapu. Alitoa majivu ya maganda ya ndizi na mafuta ya mawese, akatutengenezea sabuni mbele ya macho yetu, akatutuma tukafue mashati yetu nayo. Alikamua ndimu juu ya maji ya maua mekundu ili tuone rangi ikigeuka. Siku moja alimleta mke wake, Mama Zaina, akamsimamisha karibu na tablo, ubao wa darasani, na sufuria ya pondu, majani ya mihogo, atueleze kwa nini anatia magadi kidogo. "Ili ilainike, wasichelewe kula," alisema Mama Zaina. Profu akatugeukia: "Mumesikia? Hiyo ndiyo jibu. Sasa andikeni kwa namna ya kemia."

Wakati huo masikio yake yalikuwa makali ajabu. Aliweza kuandika tablo akiwa ametupa mgongo na kumtaja kwa jina aliyenong'ona benchi la mwisho. Alipenda ukimya. Nyumbani kwake redio ilizimwa jioni, na kuku aliyezoea kupiga kelele ovyo hakukaa muda mrefu kabla ya kuingia chunguni. Nasema haya kwa sababu baadaye mtu huyu huyu aliomba kelele kama wengine wanavyoomba maji.

Yalianza na kikohozi. Alikunywa dawa za kifua kikuu, akamaliza, kikohozi kikarudi. Lopitali, hospitalini kwetu, wakasema wadudu wake ni wale wakaidi wasiosikia dawa za kawaida, na kwamba atahitaji sindano kila siku kwa miezi mingi. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi pale. Nilikuwapo daktari alipomwita pamoja na mke wake na kuwaambia ukweli: sindano hizo huwaponya watu wengi, lakini zinaweza kula masikio, na kilicholiwa hakirudi.

Nadhani Profu alikuwa akilifikiria darasa. Mama Zaina ndiye aliyejibu.

"Watie sindano," alisema. Kisha akamgeukia mume wake: "Sisi tunakutaka wewe. Masikio tutakuazima yetu."

Kwa hiyo alidungwa. Kifua kikapona. Akanenepa, rangi ikarudi usoni, watu wakaja kumpongeza. Hapo ndipo mlio ulipoanza.

Yeye hakujua kwamba ni wake. Siku ya kwanza alitafuta nyenze kwenye dari. Siku iliyofuata aliamua kwamba kosa ni la Amisi, jirani yetu aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa sola. Alivuka barabara akiwa amevaa kikoi na fulana, mtu ambaye hatukuwahi kumwona nje bila shati lililopigwa pasi.

"Amisi, zima hiyo mashini yako. Iko inapiga kelele, inanitoboa kichwa!"

Amisi alitoka na simu za watu mikononi. "Profu, mashini gani? Betri imekufa. Tangu juzi sijawasha kitu."

"Naisikia!"

"Ingia mwenyewe uangalie."

Profu aliingia. Aliinama mbele ya kile kidude, akaweka kiganja juu yake, akakikuta baridi kama jiwe la mtoni. Amisi aliniambia baadaye kwamba hajasahau uso aliouona. "Alisimama pale," alisema, "kama mutu ambaye ameingia nyumba ya mwenzake akidhani ni yake."

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya, na sitaki kuificha kwa sababu tu ilipita. Hakulala. Mlio haukuwa na mapumziko. Kila nyumba ilivyozidi kutulia ndivyo ulivyozidi kukua. Yeye, aliyekuwa mpole na mkewe, alianza kumfokea kwa kijiko kilichoanguka. Masikio yalikuwa hayasikii watu, lakini mlango ukibamizwa aliruka kama amepigwa. Mwendo wake nao uliharibika, maana sindano ziligusa pia sehemu ile ya ndani ya sikio inayomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi. Jioni alitembea akishika kuta. Walevi wa mtaani walimsalimu kama mwenzao. Aliacha kwenda shuleni. Mtaani wakaanza kusema kwamba Profu ameingiwa na majini.

Shangazi yake mzee alikuja kutoka Nyangwe na kombe, maandishi matakatifu yaliyooshwa kwa maji, anywe. Nilitegemea atakataa, mtu wa sayansi kama yeye. Akanywa yote, akamrudishia shangazi bakuli kwa mikono miwili, akamshukuru. Aliponiona namtazama alisema, "Shangazi amepanda mtumbwi na kutembea na jua kwa ajili yangu. Wewe ulitaka nimpe hotuba?" Ndivyo alivyokuwa: mgumu kwa wanafunzi, mgumu kwa wakubwa wa shule, na laini kama siagi mbele ya mwanamke mzee mwenye bakuli.

Kilichombadilisha ni sentensi moja. Daktari mmoja wa masikio alipita lopitali yetu, akampima, akamwambia kupitia karatasi, maana kusikilizana kulikuwa kazi: *Mlio hautoki sikioni. Unatoka kwenye ubongo.* Profu aliisoma, akaisoma tena, akamwomba amwandikie zaidi. Daktari aliandika maneno machache ya Kifaransa na kumwonyesha yapi ayatafute mtandaoni.

Tangu siku hiyo alionekana kila asubuhi juu ya kile kilima ambako simu hushika mtandao vizuri, amekaa juu ya jiwe, kofia imeshushwa kwenye paji, akisoma. Mama Zaina alimpelekea ndizi za kuchoma huko huko. Ikawa kama amerudi kazini. Kisha asubuhi moja tulimsikia kabla ya kumwona, anateremka akiita kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Mama Zaina! Mama Zaina, ni kemia! Kumbe ni kemia!"

Tulikusanyika barazani: Mama Zaina, mimi, na Amisi aliyeacha kibanda wazi. Profu hakukaa.

"Zamani nilidhani sikio ni mulango tu, sauti inaingia, basi," alisema. "Ndani kabisa kuna vinywele vidogo sana. Sindano ziliviua. Vikifa, mushipa unaopeleka habari kwenye ubongo unanyamaza. Sasa niambieni, ubongo unafanya nini?"

"Unapumzika," alisema Amisi, kwa sauti kubwa, upande wa kushoto.

"Haupumziki! Ubongo unatengeneza dawa zake wenyewe. Iko moja inayoambia chembe zake: sema. Hiyo ni glutamati. Iko nyingine inayoziambia: nyamaza. Hiyo wanaiita gaba. Kwa mutu muzima, mbili hizi zinapimana. Lakini habari za sikio zikikatika, ubongo unawaza: labda watu wanaongea polepole, acha nitege zaidi. Unapunguza gaba ili usikie hata kidogo. Na dawa ya kunyamazisha ikipungua, chembe ambazo hazina neno la kusema nazo zinaanza kusema. Hakuna mududu. Hakuna jini. Hakuna mashini ya Amisi."

"Mungu asifiwe," alisema Amisi.

"Kama darasa wakati msimamizi ametoka," nilisema mimi.

Alinitazama mdomoni, akaniomba nirudie. Niliporudia alicheka mpaka akashika nguzo. Neno hilo alilipenda sana. Kesho yake nilimkuta akilitumia kwa imamu kana kwamba ni lake.

Alituambia pia kwamba wenye elimu bado wanabishana, kwamba wapo wanaotaja dawa nyingine za ubongo, zile za usingizi na za moyo kutulia, na kwamba pengine hapo ndipo hasira yake ilipotokea. Alipofika hapo alipunguza sauti, akamtazama mke wake. Mama Zaina aliokota punje ya mchele kwenye kanga yake, akaitupa.

"Sasa dawa ya kuiponya iko wapi?" aliuliza.

"Haiko."

"Haiko, na wewe unacheka?"

"Nacheka kwa sababu sasa namjua anayepiga kelele. Ni mimi mwenyewe. Siwezi kujiogopa."

Nimesoma uuguzi, nimefanya kazi miaka, na bado sijui namna bora ya kueleza kilichotokea baada ya hapo. Mlio haukupungua, aliniapia kwamba haukupungua hata kidogo. Lakini alianza kulala. Alisema hofu ilikuwa inaupa ubongo sababu ya kutega zaidi, na hofu ilipoondoka ubongo ukapata mambo mengine ya kufanya. Akaamua pia kuulisha. Kama mshipa hauleti habari za kutosha, alisema, basi tuupe zile unazoweza kubeba. Redio, iliyokuwa ikizimwa jioni, sasa iliachwa kati ya stesheni mbili, ikitoa ule mvumo wake, sauti chini. Alitundika kopo lililotobolewa juu ya beseni, maji yakidondoka kutwa. Mvua ilipopiga bati aliweka kiti katikati ya sebule, akakaa chini ya kelele ile amefumba macho, uso umelegea, kama mtu anayesikiliza nyimbo za ujana wake. Kuku waliongezeka. Mama Zaina alilalamika kwamba nyumba imekuwa stesheni ya magari, lakini ni yeye aliyejaza maji kopo lilipokauka.

Kisha akaenda kuomba darasa lake. Prefe, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile kila mtu alichokuwa akifikiri.

"Profu, utafundisha namna gani watoto ambao huwasikii?"

"Njoo ukae benchi la nyuma, uone."

Prefe akaenda. Profu alikuwa ameweka sheria mpya: anayetaka kusema asimame, ageuze uso kwake, afungue mdomo vizuri. Mwenye swali refu aliliandika kwenye tablo mwenyewe. Ilikuwa polepole. Lakini prefe aligundua jambo ambalo sisi wanafunzi wake wa zamani tulilijua: mwanafunzi anayelazimika kusimama na kuandika swali lake mbele ya wenzake hulifikiria kwanza. Aliondoka, na jina la Profu likarudi kwenye ratiba.

Si kwamba watoto hawakujaribu kumchezea. Mdogo wangu Musafiri, ambaye ni bingwa wa njia za mkato, alijaribu kunong'ona majibu wakati wa mtihani, akiamini kwamba sasa hakuna wa kumsikia. Profu alimwendea moja kwa moja na kumtoa nje. Musafiri alirudi nyumbani ameduwaa.

"Sijui alisikiaje!"

Jioni nilimuuliza Profu mwenyewe. "Sikusikia kitu," alisema. "Niliona vichwa vya watu wanne vimeinamia upande mumoja kama mimea inatafuta jua. Nikatafuta jua liko wapi."

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alisema hana huzuni, na ni kweli mara nyingi hakuwa nayo, lakini mtu akiimba vizuri harusini, niliona anamtazama mwimbaji mdomoni kwa namna ambayo ilinifanya niangalie pembeni. Kabla ya kuugua hakuwahi kucheza ngoma hata moja. Alisema mwalimu akicheza, Jumatatu wanafunzi hawamwogopi. Alipokuwa kiziwi ndipo alipoanza. Aliweka kiganja kwenye benchi karibu na ngoma, akapokea mtetemo, kisha akasimama na kucheza, amechelewa pigo moja nyuma ya kila mtu, na Mama Zaina, aliyekuwa mchezaji mzuri, alijichelewesha naye ili wawe wawili.

Mara moja tulivuka Lualaba pale Nyangwe kwenda msibani kwa yule shangazi. Maji yalikuwa mengi, mtumbwi uliyumba, na sisi wote tulishika kingo. Profu peke yake alikaa wima, anakula karanga. Mpiga kasia alimsifu kwamba ni mtu wa mto. "Hapana, baba," alijibu. "Mimi niko ndani ya mutumbwi kila siku, hata sebuleni. Leo ninyi ndio mumekuja kwangu."

Kazi ilinipeleka Kabambare, kwenye kituo cha afya, na kwa muda mrefu nilimsikia kwa salamu tu. Kisha msimu wa kiangazi uliopita alifika, amekuja kumtembelea Zaina, binti yake aliyeolewa huku. Alikuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki kutoka Kasongo, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mzee kuliko nilivyomtarajia na mchangamfu kuliko nilivyokumbuka. Alisema barabara ilikuwa imempa kelele tamu kutwa nzima. Kesho yake alikuja kunisalimu kazini. Akanikuta na shida.

Ndani kulikuwa na mtu kutoka Lusangi, jina lake Kalonda, mkewe kando yake. Alikuwa akiendesha mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, siku zote, bila kitu masikioni. Sasa mashine ilikuwa imezimwa na kichwa chake hakikuzimika. Ndugu zake walitaka kumfungia kwenye chumba cha maombi, afunge kula mpaka pepo atoke. Yeye hakutaka kungoja. Mkewe alifungua kitambaa na kunionyesha waya wa tairi la baiskeli, ncha imenolewa.

"Nilimunyang'anya asubuhi," alisema. "Alitaka kutoboa sikio. Anasema atakiua huko ndani. Dada, mufanyie kitu."

"Toboeni ninyi," Kalonda aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Muko na vyombo safi. Toboeni, inyamaze."

Nilianza kueleza, naye akawa anatazama ukuta. Alikuwa ameshaelezwa na watu wengi. Profu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusikia tulichosema, lakini aliona ule waya, na alimwona mtu anavyobana kichwa chake kwa viganja. Aliingia bila kuuliza, akavuta kiti, akakaa mbele ya Kalonda magoti kwa magoti.

"Usitoboe," alisema. "Sikiliza mutu aliyetobolewa na sindano. Ukiliharibu sikio zaidi, habari zitapungua zaidi, na ubongo utapiga kelele zaidi. Sauti haiko mule unapotaka kupiga."

Kalonda alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe pia unasikia?"

Nilimrudishia Profu swali hilo upande wa kushoto.

"Sasa hivi. Hapa tunapoongea. Miaka yote hii."

"Na haikuisha?"

"Haijaisha. Sitakudanganya. Lakini nalala, nakula, nimefundisha, nimecheza harusi. Mwanzoni nilidhani nitakufa nayo. Sasa naona nitaishi nayo, na hayo ni maneno mawili tofauti."

Naweza kusema hapa kwamba Kalonda hakufungiwa. Aliacha mashine; siku hizi anaosha mchanga mtoni, ambako maji yanapita siku nzima, na hupita kituoni akija sokoni. Analala vizuri baadhi ya siku. Waya alituachia sisi, na tuliutumia kufungia mlango wa banda la kuni. Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi ni kile kilichofuata pale pale.

Profu alimuuliza, "Yako inalia namna gani?"

Kalonda hakuelewa.

"Onyesha. Kwa mudomo."

Mtu yule mkubwa, mwenye mikono iliyopasuka kwa mawe, aliona haya. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Kisha akabana meno na kutoa sauti nyembamba ya chuma, *zzziii*, ndefu, bila kupumua. Profu alisogeza kichwa, akaliweka sikio lake la kushoto karibu kabisa na kinywa cha mwenzake, akasikiliza kwa makini ya fundi.

"Nzuri," alisema. "Yangu iko juu zaidi." Na akaitoa yake: *iiiiii*, kali, ikitetemeka mwishoni.

Nilikaa na mtu huyu miaka mingi. Nilijua jina la kila dawa iliyohusika. Lakini sauti yenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Hapana, si hivyo, yangu ilikuwa nene kidogo," alisema Kalonda, akajirekebisha, akaanza upya, na Profu akajiunga naye kwa ile yake, wote wawili, paji kwa paji, kama watoto wanaoigiza nyuki. Wagonjwa wa barazani walichungulia dirishani. Kalonda aliishiwa pumzi, akacheka, na alipocheka nilimwona mtu aliyekuwa kabla ya mashine.

Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, machozi yanamtoka.

"Kumbe ndiyo hiyo," alisema. "Siku zote hizi, ndiyo hiyo?"

Kalonda aliitikia kwa kichwa.

Mwanamke akasogea, akapiga magoti kando ya kiti chake, akaleta sikio lake karibu na mdomo wa mume wake.

"Fanya tena," alisema. "Nisikie vizuri."